Ukinisikia Nimenyamaza Jukwaani

Loliondo,
Jumatano asubuhi.

Kwa Baba yangu,

Saita, Baba. Shikamoo. Naanza kwa kukuuliza goti, kwa sababu ukiulizwa hali utasema ni nzuri hata kama umelazwa. Je, goti la kushoto limekubali kushuka mpaka mtoni, au bado mdogo wangu Bura ndiye anayewanywesha ng'ombe akirudi kazini? Na mvua je? Huku tumekuta vumbi tupu. Mawingu yanakuja mchana, yanatuangalia, yanaondoka. Nasikia na huko Mbulumbulu mmeshapanda kwenye udongo mkavu, mnangojea. Na tembo wa msituni wameshaingia kwa shangazi Elizabeti, au mwaka huu wamemhurumia?

Mimi ni mzima wa mwili. Moyoni si mzima, ndiyo maana naandika. Simu nimepiga sana. Yako huipokei, na nikipiga ya Mama nasikia unakohoa pembeni, kisha mlango unafungwa. Sawa, uliwahi kusema simu haina uso. Barua nayo haina uso, lakini angalau huwezi kunikatia. Nimempa kondakta wa basi linalopita Ngorongoro kuja Karatu, atamkabidhi Bura stendi. Nimeandika herufi kubwa uisome mwenyewe. Usimpe huyo mwanao akusomee, huwa anaruka mistari anayoiona michungu.

Nitakuambia lililonileta moja kwa moja, halafu nirudi nyuma nikueleze. Jumamosi tunaonyesha mchezo wetu Karatu, uwanja wa shule, saa kumi. Nimesikia kwamba wazee wamekaa kwa sababu yangu, na kwamba wanataka uweke fimbo chini, usiongoze tena sala ya kikao mpaka neno langu limalizike. Nimesikia pia ulichosema walipokuuliza kuhusu mimi. Bura ameniletea maneno yako kama yalivyo: "Mwambieni slufay si ngonjera."

Maneno hayo nimelala nayo na kuamka nayo. Sasa nisikilize na mimi.

Unakumbuka vikao vilivyokuwa vinafanyika nyuma ya boma letu, pale mteremkoni. Wazee waliketi kwenye majani, wengine juu, wengine chini yao, kama watu walioketi kwenye ngazi, na wewe ulisimama chini kabisa, penye tambarare. Wakishagombana na kupatana, ulichukua fimbo, ukaanza ile sala ndefu ya kufunga kikao, ya kuomba nchi ipoe, mvua ije, ugonjwa uende mbali. Ulitoa mstari, wazee wakaitikia. Ulitoa mwingine, wakaitikia. Wanawake na watoto hatukutakiwa pale. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa zizi, na mbolea imefika kwenye vifundo vya miguu. Ulininyima kiti, Baba, lakini masikio hukuyaziba. Kabla sijajua kuandika jina langu nilikuwa naijua sala hiyo, slufay yako, kutoka kichwa hadi mkia, pamoja na mahali unapovuta pumzi na mahali unapowaacha wangoje.

Kuwaacha wangoje, hilo ndilo nililolipenda zaidi. Hukuwahi kuanza kabla kila mtu hajatulia. Ungeweza kusimama pale mpaka mtu wa mwisho aone haya ya kukohoa. Walimu wangu walitumia muhula mzima kutufundisha jambo hilo, nami nilikuwa nalo tayari, nimelichukua zizini bure.

Siku zote uliniuliza, ulipokuwa bado unaniuliza, ni kazi gani hii ya mtu mzima kulia uongo mbele za watu. Sikuwahi kukujibu vizuri kwa sababu nilikuwa nachemka. Wewe na mimi tukianza kuchemka pamoja hakuna anayebaki wa kuepua chungu. Leo nakujibu.

Mwaka wa kwanza chuoni, kule pwani, Mwalimu Rehema alitubandikia ukutani picha ya jukwaa la Wayunani wa kale. Halina paa wala ukuta. Ni mteremko wa kilima uliochongwa viti vya mawe, na chini yake uwanja wa mviringo. Wenzangu wa mjini walishangaa watu waliwezaje kuigiza porini. Mimi nilicheka peke yangu, maana pale palikuwa nyuma ya boma letu, isipokuwa wenzetu wameweka mawe. Akatueleza kwamba katika tanzia za watu hao, yaani ile michezo yao ya majonzi, pembeni ya wafalme na mashujaa kulikuwa na kundi la watu wanaosimama mwanzo hadi mwisho, wanaona yote na kuitikia. Akauliza kazi ya kundi hilo ni nini. Mmoja akasema ni kwaya. Mwingine akasema ni wapambe tu. Mimi nikasema hao ndio wazee, na bila wao aliyeko mbele anaongea upuuzi. Mwalimu akaniuliza natoka wapi.

Tangu siku hiyo nikawa mgonjwa wa michezo ya kale. Wenzangu walitaka tamthilia za kwenye runinga, za wapenzi kununiana kwenye makochi. Mimi nilitaka ile ya mtu mmoja anayekosea mbele ya nchi nzima na nchi nzima inalipa. Nilisoma kila niliyoipata maktaba. Mafunzo yenyewe hayakuwa lelemama. Kiswahili changu cha kooni walikiiga bwenini mpaka nikalia. Walisema naongea kama mtu aliyemeza mfupa. Mwalimu akanikataza kukibadilisha. Kila asubuhi alitusimamisha uwanjani, yeye akaenda mbali, akataka tumpelekee sauti bila kupiga kelele. Makoo ya wenzangu yalikauka. Mimi nilikuwa nimemwita Bura ng'ambo ya korongo utoto wangu wote.

Basi ndivyo nilivyokuwa mwigizaji, Baba. Sikukukimbia wewe. Nilikwenda kutafuta mahali ambapo mtu kama mimi anaweza kutoka nyuma ya ukuta.

Sasa nije kwenye mchezo wenyewe. Mwalimu Rehema, ambaye siku hizi ndiye mwongozaji wa kikundi chetu Dar es Salaam, ameutunga yeye kwa mtindo huo wa Wayunani. Kuna mfalme aliyeizungushia chemchemi ukuta ili kumkomoa ndugu yake. Nchi ya upande wa pili inakauka. Mtoto wa mfalme mwenyewe anawaonea huruma, anakwenda kuwachotea maji kwa siri, na walinzi wanamuua bila kumjua. Muda wote huo wazee wako pembeni wanamwonya mfalme, naye hasikii. Mwishoni amempakata mwanawe, na mkubwa wa wazee anasimama kuiombea nchi. Mkubwa huyo wa wazee ndiye mimi. Naam, binti yako navaa kinyago cha mti chenye ndevu za katani, na ninatembea na fimbo. Ningekuambia mwendo wa nani nimeuiga, lakini nadhani goti lako limeshakujibu.

Maneno ya sala ile aliyaandika Mwalimu kwa Kiswahili. Mimi nilitoa sauti tu, namna ya kupandisha na kushusha, na nikawafundisha wenzangu kuitikia. Dar es Salaam tumeonyesha hivyo mara nyingi na watu wakapiga makofi wakaenda kula. Maneno yako hayakuwahi kutoka mdomoni mwangu mbele ya watu. Nataka hilo ulijue kabla hujafika kwenye habari ya Malambo.

Malambo tulionyesha Jumapili, kwenye uwanja ulio kando ya madarasa yanayojengwa. Wanawake waliketi mbele na watoto, wanaume wakasimama nyuma wameegemea fimbo. Hawakucheka palipokuwa na kichekesho. Hawakunong'ona. Mfalme alipoanza kuijengea chemchemi ukuta, kimya kikawa kizito hadi nikaogopa kwamba tumewaudhi. Huku mambo ya maji na malisho hayaigizwi ovyo. Mchezo ulipoisha bibi mmoja wa Kimaasai alimwendea Mwalimu, akamwambia kwa utulivu kabisa, "Huyo mfalme mimi namfahamu, ila wa kwetu ana gari."

Lakini hayo yalikuwa baadaye. Kabla yake ilifika zamu yangu. Mfalme amepakata maiti ya mwanawe, mimi nikajongea na fimbo, nikangoja watulie, nikatoa mstari wa kwanza. Kabla wenzangu hawajafungua midomo, kutoka nyuma kabisa ya watu, mwitiko ukaja. Haukuwa huu wa kwetu wa mazoezi. Ulikuwa wenyewe, ule mzito wa kifuani, wa wanaume wengi kwa pamoja. Nilitazama kupitia matundu ya kinyago, nikaona mafundi ujenzi. Walikuwa wameteremka kwenye jukwaa lao la mbao, wamevua kofia, saruji ingali mikononi. Ni watu wa Karatu, Baba. Ni watu wetu.

Sikuwa nimeusikia mwitiko huo tangu nilipoondoka nyumbani. Mwili wangu ulipoa kuanzia miguuni. Mstari wa pili wa Mwalimu ukapotea, ukaja wa kwako, kwa Kiiraqw. Wakaitikia. Ukaja wa tatu. Ningeweza kukata, Mwalimu alikuwa pembeni ananipungia mkono kama anayefukuza kuku. Lakini wewe ndiye uliyetufundisha kwamba sala ikishaitikiwa haikatwi, kwa sababu anayeikata anaiacha nchi mdomo wazi. Nikaenda nayo mpaka mwisho, bila kuruka neno. Yule kijana wa Temeke anayecheza mfalme hajui hata neno moja la kwetu, lakini alilia mpaka rangi ya uso ikachuruzika. Yeye anadai ilikuwa jasho.

Kisha tukainama, na kama desturi yetu nikavua kinyago.

Aliyekuwa mbele ya mafundi ni Gwandu, mtoto wa Mzee Qamara jirani yetu. Sikumtambua hadi aliponijia. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa, kama mtu aliyekabidhiwa mtoto ambaye si wake. Akaniambia, "Martina, sisi tumeitikia ndevu. Hatukujua ni wewe." Nikamwambia kila mtu pale uwanjani alijua ni mchezo. Akasema wao walikuwa kazini, mwanzo hawakuuona. Walisikia sauti ya sala, wakashuka, kwa sababu mtu wa kwetu akisikia ile sauti hakai juu ya mbao. Akarudia, "Tumeitikia ndevu." Akavaa kofia akaondoka. Simu yake ilifika Mbulumbulu kabla hatujamaliza kupakia vyombo.

Bura alinipigia Jumatatu, akiwa getini anasubiri kibali cha kuwashusha wageni wake kreta. Alikuwa ananong'ona kana kwamba nyati watamsikia. Akasema, "Dada, huku kumechafuka." Akanieleza kwamba wazee wamegawanyika. Wapo wanaosema sala imeitikiwa na wanaume wa kwetu, imekwisha, haiwezi kurudishwa mdomoni. Wapo wanaosema mafundi walilaghaiwa, na sala iliyoitikiwa kwa kulaghaiwa inageuka na kumtazama mwenye sala. Mvua ikichelewa sasa kila mtu atajua pa kuelekeza kidole. Mzee Qamara ndiye anayetaka fimbo yako, na ana hasira mara mbili, kwa kuwa sauti ya kwanza kuitikia ilikuwa ya mwanawe.

Nilimuuliza wewe ulisema nini mbele yao. Akasema hukunitetea na hukunilaani. Ulisema ile sentensi ya ngonjera, ukanyanyuka, ukaenda kuangalia ng'ombe ambao walikuwa wameshaangaliwa.

Nimemweleza Mwalimu Rehema yote. Yeye ni mama wa Tanga, ana huruma, lakini jukwaani ana roho ya chuma. Ameniambia nina njia mbili: Jumamosi niseme maneno yake ya Kiswahili kama yalivyoandikwa, au nimpishe kijana mwingine anayeweza kuvaa ndevu zile bila kuleta kesi. Nimekaa na njia hizo mbili tangu jana. Ya kwanza siiwezi. Si kiburi, Baba, au si kiburi peke yake. Najua nikifika pale, Karatu, mbele ya watu wanaoijua ile sauti, ya kwako itakuja. Ya pili naiweza, na ndiyo inayoniuma. Nikimpisha yule kijana wewe utabaki na fimbo, Mzee Qamara atatulia, na mimi nitarudi nyuma ya ukuta wa zizi. Safari hii nitakuwa nimejipeleka kwa miguu yangu.

Unasema slufay si ngonjera, nami nakubali. Lakini na mchezo huu si ngonjera. Wale Wayunani walikuwa wakiigiza siku za ibada, wanatoa sadaka kwanza ndipo wanapanda jukwaani, na aliyekuwa anatazama hakuwa mtalii. Nchi ilikuwa inajitazama. Sala na mchezo vilikaa boma moja. Na wewe, nisamehe, wewe ni mwigizaji kuliko mimi. Nimekuona ukibadilisha sauti. Nimekuona ukiinua fimbo nusu ukaishusha ili tu wakukazie macho. Hukuwa unadanganya. Basi kwa nini nikifanya mimi iwe uongo?

Kuna jambo moja ambalo nadhani umelisahau, au unafikiri hakuna aliyeliona. Mwaka ule wa ugomvi wa mpaka, kikao kilikwenda mpaka jua likageuka. Mwishowe walisema wamepatana. Ukachukua fimbo, ukatoa mstari wa kwanza. Wakanyamaza. Hawakuwa wamepatana kwa moyo, walikuwa wamechoka tu. Mtu mwingine angerudia mstari kwa nguvu, au angekaripia. Wewe ulisimama. Ulingoja mpaka hata mbuzi wangu nyuma ya ukuta walinyamaza. Ulipoona hakuna mwitiko, ukaweka fimbo chini, ukaketi kwenye majani katikati yao, ukasema, "Basi bado." Wakaanza ugomvi upya, na siku iliyofuata wakapatana kweli. Nilikuwa mdogo lakini nilijua nimeona jambo kubwa. Kiongozi wa sala halazimishi. Asipoitikiwa, anakaa.

Yote niliyojifunza tangu siku ile, hakuna lililoipita hiyo.

Kwa hiyo nimechagua njia ya tatu, na nimemwambia Mwalimu. Jumamosi nitakapofika kwenye sala, nitavua kinyago kwanza. Ni kosa kwa kanuni za michezo ya kale, ambamo uso wa kinyago hauvuliwi kabla mchezo haujaisha, na Mwalimu alikunja uso niliposema. Nitakivua na ndevu zake, nitakiweka chini, ili asiwepo mtu Karatu atakayesema ameitikia ndevu. Wataniona mimi, Martina, binti yako, na hizi nywele zangu unazosema ni za mjini. Kisha nitatoa mstari wa kwanza. Wa kwako, si wa Mwalimu. Nami nitanyamaza.

Wenzangu nimewakataza kuitikia. Hawatafungua mdomo mpaka wasikie kutoka kwa watu.

Mwalimu aliniuliza, "Na wasipoitikia?" Nikamwambia basi bado. Nitakaa chini pale jukwaani, katikati ya wazee wa mchezo, mfalme atabaki na maiti yake, na mchezo utakuwa umeishia hapo. Alichezea kitambaa chake cha kichwani. Akasema katika maisha yake hajawahi kupanda jukwaani bila kujua mwisho. Lakini hakunikataza.

Nikuambie ukweli, naogopa. Nimewahi kusimama mbele ya watu wengi kuliko watakaokuwepo Karatu na sikutetemeka. Lakini kila nikifumba macho nauona ule uwanja wa shule na watu wote wametulia, na mimi nimeshatoa mstari, na hakuna sauti.

Na sikutegi, Baba. Usidhani nakutega. Ukija ukanyamaza, hakuna atakayejua ila mimi na wewe. Wengine watadhani ndivyo mchezo ulivyotungwa. Usipokuja kabisa, sitakuuliza kwa nini. Najua pia ukiitikia, Mzee Qamara atakuwa amesimama hapo hapo, na huenda kesho yake fimbo ikaondoka nyumbani kwetu. Fimbo hiyo ni mkono wako. Siwezi kukuomba uitoe kwa ajili yangu, kwa hiyo siombi. Nakuambia tu saa na mahali.

Kesho tunapakia kwenda Nainokanoka. Ijumaa tunaonyesha huko kwenye baridi, na Mwalimu ameshanunua blanketi la Kimaasai jekundu, anajifunika nalo tangu sasa kama anafanya mazoezi. Nainokanoka nitasema maneno ya Kiswahili, usiwe na wasiwasi. Ya kwako nayaweka kwa ajili ya nyumbani.

Nisalimie Bura, mwambie asante kwa kunong'ona, na kwamba nyati hawasikii Kiswahili. Nisalimie shangazi Elizabeti. Nimemchukulia shanga za shingoni hapa kwa akina mama wa Loliondo, nitamkabidhi mwenyewe. Mpe salamu Gwandu akirudi kutoka Malambo. Sina kinyongo naye, aliitikia vizuri. Hata Mzee Qamara msalimie, ukiona inafaa.

Mama nimemwachia mwisho, na hili yeye mwenyewe ameniruhusu niliandike. Jana nilimpigia nikiwa nalia. Nikamwambia naijua sala yako yote, lakini sijui nitasimamaje mbele ya kimya. Akaniuliza, "Na mwitiko ulijifunzia wapi, mwanangu? Kule zizini ulikuwa unamsikia baba yako tu, wazee walikuwa mbali." Nikafikiri, nikaona ni kweli. Upepo wa pale mteremkoni ulikuwa unaleta sauti yako, na za wazee zikinifikia kama mngurumo tu, bila maneno. Nilidhani nimeusikia kwao. Kumbe ukuta wa zizi na ukuta wa jiko ni mmoja, Baba. Siku zote ulizosimama pale ukiiombea nchi, Mama alikuwa amekaa jikoni, anakoroga ugali, anakuitikia kila mstari, kwa sauti ndogo, bila kukosa. Mwitiko niliowafundisha watu wa Dar es Salaam ni wa kwake.

Amesema Jumamosi atavaa kitenge chake cha kanisani na atakuja, uje usije. Nimemsihi asiitikie kwa kunihurumia. Amecheka tu.

Ni mimi binti yako,
nitakayekuwa nimesimama pale chini, nangoja,

Martina.